Miwa Aliyoing'oa Baba

Louisiana, Mei 1889

Mama yangu Provvidenza,

Nakubusu mikono na kuomba baraka zako. Goti linaendeleaje? Yule mbuzi mkorofi kashazaa, au bado anawapiga watu pembe tu? Sisi watatu, mimi, Baba na kaka Turi, tupo, tunachapa kazi.

Mama, huku nimeona mambo! Tulipomaliza kukata miwa, tajiri mwenye shamba alituruhusu tukae kibandani mpaka meli ya Aprili. Baba unamjua, hawezi kukaa bure. Akaona vishina vimebaki shambani, akasema aibu gani hii, watu wanavuna halafu wanaacha uchafu. Basi tukashika majembe, tukaving'oa vyote, kama tufanyavyo huko nyumbani kwenye ngano. Tena alikuwa anaimba!

Akapita jirani yetu Bi Célestine, mwanamke mweusi aliyezaliwa papa hapa shambani. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akatuuliza tumerogwa au tumelewa. Kumbe muwa haupandwi kila mwaka! Ukiukata, kishina huchipua chenyewe. Baba akamjibu kwamba yeye analima tangu hajaota ndevu, asitudanganye. Bi Célestine akacheka mpaka akakaa chini, akamwambia haya, aendelee tu, tajiri akija atazinyoa hizo ndevu bila maji.

Na kweli tajiri alikuja, akafoka, akasema hakuna kuondoka mpaka shamba lote lipandwe upya. Nililia, Mama, maana Baba alikuahidi kurudi kabla ya mavuno ya ngano.

Tukapanda. Muwa hulazwa mtaroni, ukafukiwa kama maiti. Kila asubuhi Baba alikwenda kuchungulia, nami nyuma yake, maana nilitaka kuona kwa macho yangu. Siku ncha za kijani zilipotokeza, alilala kifudifudi matopeni kuzitazama, akatuita kwa kelele. Meli ilipokaribia, mizigo tulishaifunga. Baba akasema ngojeni kwanza, nione miwa inafika magotini. Meli ikaondoka. Sasa miwa iko kiunoni.

Hapa mwambie binamu Rosolino anayekusomea afunge mlango, majirani wasisikie.

Baba ameniagiza niandike kwamba homa ndiyo iliyomzuia. Hana homa yoyote, Mama. Anakula kumshinda Turi. Ameomba kipande cha shamba hili, alime wagawane mavuno nusu kwa nusu na tajiri, na amekubaliwa. Harudi tena. Nilimuuliza mbona hakwambii mwenyewe, akasema uliapa hutavuka bahari, na anaogopa kukusikia ukilirudia neno hilo. Hata mimi naogopa. Lakini nimekukosa, Mama, mpaka natamani hata makofi yako. Usiende bandarini kumngoja. Ukitaka kumgombeza, njoo umgombeze uso kwa uso.

Nisalimie shangazi na wote wa uchochoroni kwetu. Turi anakubusu. Baba hajasalimu, yuko nje anapalilia, na kila akinyoosha mgongo ananiuliza kama nimeshafika kwenye homa.

Binti yako,
Ninfa