Viatu Chini ya Benchi

7 Juni

Baba, shikamoo.

Natumai wewe na Mama hamjambo, na goti lako limeacha ukorofi. Mimi mzima, ila viganja vimekuwa msasa mtupu.

Ile njia ya matembezi kando ya maji imefunguliwa. Kila jiwe la sakafu yake, kuanzia ngazi za sokoni hadi mnara wa taa, limelazwa na kikosi changu, na msimamizi ni mimi. Wewe ulikataa kunifundisha, ukasema kazi ya mawe itanivunja mgongo. Nikajifunza kwa kukuchotea maji huku nikikuchungulia. Sasa njoo tutembee polepole, Jumapili. Nataka kusikia kwa kinywa chako kama mimi ni fundi au mpanga mawe tu.

Binti yako

12 Juni

Binti yangu, marahaba.

Goti halijambo kuliko mwenye goti. Nitakuja. Ila usinitayarishie hotuba, kizuri chajiuza. Mama yako ameamuru nivae viatu vipya, nami namwogopa.

Baba yako

19 Juni

Baba, shikamoo.

Je, ulifika salama? Mama hajambo? Mwili wangu mzima, ila moyo hautulii.

Jumapili ulivua viatu kwenye benchi la kwanza, ukatembea pekupeku kama ulivyokuwa ukikagua sakafu zako zote. Watu wakageuka. Muuza aiskrimu akacheka waziwazi. Ukaniomba chupa ya maji, nikadhani una kiu. Ukaimwaga yote chini, ukasimama kutazama yanaelekea wapi. Ukaenda hivyo hivyo hadi mnarani, ukipapasa maungio ya mawe kwa dole gumba la mguu, na mimi nyuma yako roho mkononi. Kisha ukasema, "Basi hilo linaondoka," ukapanda.

Niliporudi nikakuta viatu vyako vipya bado viko chini ya benchi. Ulikasirika kiasi hicho, Baba? Kama kuna jiwe limekaa vibaya, nitajie. Nitaling'oa.

Binti yako

26 Juni

Fundi mwenzangu, marahaba.

Hapa sote wazima, isipokuwa Mama yako hanisemeshi kwa sababu ya viatu.

Nilikuja kutafuta kasoro. Moja tu ingenitosha, nikukosoe kidogo, nibaki mwalimu. Nikamwaga maji, yakaenda mferejini yenyewe, hayakutuama popote. Nikatafuta kwenye maungio. Nikatafuta kwenye kona, ambako fundi mvivu hupenda kujificha. Nikaambulia patupu. Ningefungua mdomo ningelia, na yule muuza aiskrimu alishanicheka vya kutosha.

Hasira? Hasira ya nini, mwanangu! Nilipanda basi nikijua nimevaa viatu. Niliposhuka huku kwetu nikakanyaga changarawe, nikaruka kama mbuzi, ndipo nikagundua niko pekupeku. Kinyozi wa pale kituoni akatoka mbio: "Mzee, umeibiwa?"

Nikamwambia, "Sijaibiwa. Binti yangu ametandika sakafu, imenisahaulisha viatu."

Tangu hapo namsimulia kila anayekuja kunyolewa, hata asiyeuliza. Kinyozi anasema nitamfukuzia wateja.

Viatu usivitume. Nitavifuata mwenyewe, na Mama yako nitakuja naye. Nimeshamwambia kwamba tukifika kwenye benchi, na yeye atavua vyake.

Baba yako