Nywele za Wino

Kasulu, Jumamosi, 2014

Siku nzima nimekuwa na wasiwasi kwamba Leokadia, fundi cherehani jirani yangu, angeona namdhihaki kwa picha niliyomtengenezea. Tangu augue nywele zimemtoka, na picha niliyompiga hapa studio kwangu bila kilemba aliikataa kabisa.

Basi nilidondosha wino mweusi kwenye jagi la kioo lenye maji, nikaupiga picha ukishuka, kisha kwenye kompyuta nikauweka kichwani kwake katika picha ile, kama nywele.

Jioni nimemwonyesha. Aliisogeza karibu na macho, nami nikajuta kwa nini nimeitengeneza.

Halafu akacheka hadi machozi. "Jamani, nywele zote hizi zangu?"

Akavua kilemba mwenyewe, akaketi mbele ya kamera. "Ya wino itundike hapa studio. Sasa nipige nilivyo, nimpelekee mama yangu kule Kibondo."

Nimempiga, na ametoka vizuri sana.