Kabula Hakutaka Kunishinda

Mume wangu Saidi,

Marahaba. Hapa Kitete tu wazima, mama yako anapukuchua mahindi na goti langu linalalamika kama kawaida. Unaniuliza mbona wanafunzi wako huko Kasulu wanakuachia makusudi ushinde sataranji. Hata mimi sijui vizuri, ila nikusimulie ya Kabula.

Nilikuwa kijana, nimejitolea kufundisha mchezo huohuo shuleni Kwihara. Siku moja mwanafunzi wangu Kabula alibakiza hatua moja tu amkamate mfalme wangu. Akanitazama, kisha akaisogeza kete yake pembeni.

“Mbona hivyo?”

“Mwalimu, wewe bado mgeni wetu.”

Nikachanganyikiwa. Nimemfundisha vibaya, au yeye ndiye ananifundisha?

Jumamosi mama yake akanikabidhi jembe, tukapalilia karanga mpaka viganja vikanitoka malengelenge. Jumatatu Kabula akanishinda mbele ya darasa zima, wakashangilia. Nilicheka huku machozi yananitoka, na mpaka leo sijui nilikuwa nalilia nini.

Sasa niambie, mume wangu: huko wameshakupa jembe?

Bibi yako,
Mwajuma