Nusu Yako ya Meza

Ndugu yangu Salumu,

Nimeipaka rangi nusu yako ya meza. Usinicheke. Nililoweka misumari yenye kutu katika siki ili nipate rangi nyeusi, kama ulivyokuwa ukifanya, lakini kipimo hukuniachia, basi imetoka na mabaka kama mbuzi. Wewe fundi cherehani ulipenda siri hata katika mambo ya mbao.

Habari za mtaa wetu wa Kabondo ni nusu nusu. Uasi umekwisha, watu wamerudi mmoja mmoja, sokoni chikwange ya muhogo inauzwa tena. Mama Zaina wako ameuza kiwanja, amekwenda na watoto kwa ndugu zake Maniema. Sikumlaumu. Mjane afanye nini hapa? Aliyenunua ni karani, kijana mwenye adabu, na anajenga ukuta. Unakumbuka meza ilivyosimama, miguu miwili kwako, miwili kwangu, mpaka wa viwanja ukipita chini yake. Alinisalimia vizuri, halafu akasema: "Papa, meza iko ku njia ya mur, ukuta yangu. Bon, tunaweza kuikata katikati." Msumeno alikuja nao mkononi. Nilimwomba aningojee kidogo.

Meza ilinitia huzuni. Siku zile za uhuru, wenzetu walipokuwa wakinunua redio, sisi tulinunua mbao za mvule, na tangu siku ya kwanza hatukupatana juu ya rangi. Wewe ulitaka nyeusi, mimi nilitaka mbao zionekane, mwishowe kila mtu akapaka upande wake na majirani wakatucheka. Sasa mvua za mwaka ule mbaya zilikuwa zimeila. Kuvu kila mahali, na ufa kutoka kwako mpaka kwangu.

Nilisugua kwa msasa mpaka vumbi likanikaa kooni. Ufa niliujaza sandarusi, ule utomvu mgumu unaochimbwa msituni. Niliuyeyusha polepole juu ya makaa, katika mkebe wa maziwa, nikaumimina, na ulipopoa ukawa mgumu, wa rangi ya asali. Nusu yangu niliipaka vanishi tupu. Yako nimeirudishia nyeusi yake, maana sitaki kukushinda sasa ambapo huwezi kunijibu.

Kisha nikaihamisha, iingie yote kwangu. Meza ile haikutengenezwa ibebwe na mtu mmoja, Salumu. Nilisukuma pembe hii, nikazunguka, nikasukuma pembe ile, na kila nilipoinua kichwa nilikuwa natafuta mtu wa kushika upande wa pili. Nilipomaliza sikuwa na nguvu. Nikaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, na kiti kile kilikuwa chako, bado mahali pake pa zamani.

Miaka yote ile sijawahi kuketi upande wako. Nilidhani ulikuwa unatazama barabara, wapita njia, mambo ya watu. Lakini kutoka hapo barabara haionekani. Hakuna cha kutazama ila mlango wangu.

Nikakumbuka asubuhi zetu. "Mulango yako iko nachelewa kama treni ya Ubundu," ulikuwa ukisema, na chai uliyonimiminia imekwisha kupoa. Mimi nilidhani ni utani. Hata baada ya mke wangu kufariki, nilipokuwa silali na siamki vizuri, nilidhani ni utani.

Na siku ile nilipomkimbiza binti yangu na wajukuu kwenda Bengamisa, ulikataa kuja nasi. "Wende tu. Miye niko naangalia mulango yako." Mama Zaina aliniambia kwamba hata homa ilipokushika, na dispensari imefungwa, uliomba kila asubuhi, mpaka ile ya mwisho, utolewe kiti nje. Niliporudi, mlango wenu ulikuwa umevunjwa. Wangu niliukuta mzima.

Binti yangu amebaki Bengamisa na mumewe. Ukuta wa karani umenifika kifuani, na wiki ijayo sitaona tena upande ule. Nikichelewa kufungua, hakuna atakayesema neno. Naogopa, ndugu yangu. Sikuogopa hivi hata wakati wa risasi.

Basi nisikuchoshe. Wewe wa msikitini, mimi wa kanisani, naomba huko uliko wawe wamekuwekea kiti mahali penye kivuli. Hiki cha hapa sitakikalia tena. Nimekirudisha upande wako, mbele ya nusu nyeusi, kimeelekea mlango wangu. Nakuahidi jambo moja. Kila asubuhi, niwe mzima, niwe na homa, mlango nitaufungua mapema, usikae ukingoja.

Ndugu yako,
Anselmi