Karabai Siiachi

Buhemba, Butiama,
Mkoa wa Mara.
12 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Benedikta,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo dada? Hapo Mpanda hawajambo wote? Shemeji Clementi mgongo wake unaendeleaje, au bado anainuka kwa kushika ukuta? Na mahindi mmevuna kitu mwaka huu? Mimi hapa ni mzima kabisa. Jicho la kushoto lile walilolisafisha linaona vizuri, la kulia linajaribu. Meno yaliyobaki yananitosha. Wa rika langu hapa kijijini tumebaki watatu, na mimi ndiye ninayetembea bila kushikwa mkono.

Ujumbe wako wa sauti Isaya alinifungulia kwenye simu yake, nikausikia mwanzo mpaka mwisho. Umeniita mzee mtoto. Umesema niache kufuata vijana wa magitaa, la sivyo nisikuhesabu kuwa dada yangu. Ningekupigia, lakini kwenye simu wewe unanikatizaga. Kwenye barua huwezi. Basi kaa chini, mwambie mwanao Fredi akusomee polepole, asiruke mstari, hata ule atakaouona mbaya.

Mwanangu Isaya amekueleza nusu. Mimi nakueleza yote.

Mwaka jana nilipokwenda Musoma kwa ajili ya jicho nilikaa kwake pale Mukendo miezi miwili. Nyumba nzuri, ina geti, lakini asubuhi wote wanaondoka, naachwa na televisheni. Siku moja nikatembea kwa miguu mpaka Makoko kutafuta sato. Nikapita nyuma ya ghala moja la zamani la nyavu, nikasikia kishindo. Dada, nilisimama. Kishindo kile nilikuwa nimekisikia mara moja tu maishani mwangu, siku ile shimo la dhahabu liliponifukia hapa Buhemba, nyie mkaanza kunililia matanga. Mawe yanaposhuka kwanza yanagonga kama moyo wa mtu. Halafu yanakuja yote. Nimejaribu kuwaeleza watu miaka yote hiyo, hakuna aliyeelewa. Na pale kuna mtu anaipiga sauti hiyohiyo kwa vijiti viwili!

Mtu mwenyewe ni msichana, anaitwa Recho, anapiga dramu. Gody anaimba na kupiga gitaa, Dennis anapiga besi. Watatu tu. Kundi lao linaitwa Karabai, ile taa ya wavuvi wa dagaa, na muziki wao unaitwa roki. Usicheke. Hawana bosi. Nyimbo wanatunga wenyewe, wanazirekodi kwa simu humohumo ghalani, wametundika magodoro ukutani. Nilisimama dirishani kwao siku nne. Siku ya tano Recho akageuza ndoo, akaniambia, "Babu, utaota mizizi hapo. Ingia ukae." Nikaingia. Mpaka leo ndoo ile haikalii mtu mwingine.

Kuna jamaa alikuja kutoka Mwanza amevaa viatu vyeupe. Akawaambia atawafanya wakubwa, ila waache dramu, waimbe mapenzi, mashine ndiyo ipige. Gody akamuuliza, "Sasa sisi tutakuwa tunafanya nini?" Jamaa akasema, "Mtakuwa mnacheza." Wakamwonyesha mlango. Hapo ndipo nilipowapenda kabisa, maana hata mimi hajatokea mtu wa kunichezesha.

Sasa nije kwenye hiyo video uliyotumiwa.

Mwezi wa pili walipiga ukumbini Musoma, alasiri ya Jumapili. Nilikuwa mbele kabisa na fulana yao nyeusi waliyonipa. Walipofika kwenye wimbo wao unaoitwa Ngazi, wa mtu aliye chini ya shimo anaita aletewe ngazi, damu ikanipanda kichwani. Wewe unajua kwetu mwanaume akiguswa na nyuzi za litungu anafanya nini. Anasimama, analaza fimbo yake mbele ya mpigaji, litungu linanyamaza, naye anajitaja yeye ni nani na amefanya nini. Baba yetu alikuwaga hodari wa hayo, wanawake wanampigia vigelegele mpaka anasahau kukaa. Nami nikafanya hivyo. Nikapanda jukwaani, nikalaza fimbo mbele ya dramu.

Kumbe kule mjini hawajui. Walinzi wawili wakanidaka. Mmoja akasema, "Huyu mzee kalewa." Mimi! Niliyeacha pombe kabla mama yake hajazaliwa! Wakanivuta, kofia ikaanguka, watu wakacheka, simu zote juu. Kipande hicho ndicho alichokutumia Isaya. Kimekatwa hapo.

Kilichofuata ni hiki. Recho alitupa vijiti, akaruka chini. "Mwacheni babu yangu!" Akaniuliza sikioni, "Babu, unataka nini?" Nikamwambia, "Nimesimamisha muziki. Fimbo iko chini. Najitaja." Akanipa maiki bila kuuliza tena.

Dada, nilijitaja. Mimi Burito wa Magesa! Niliyelala shimoni siku mbili nikatoka na koleo langu mkononi! Niliyewarudisha ng'ombe saba peke yangu, wezi wakaacha viatu! Anayebisha apande hapa!

Hakupanda mtu. Ukumbi mzima ukaitikia, "Burito! Burito!" mpaka mabati yakalia. Najua utasema ng'ombe walikuwa watano. Kwenye maiki watano wangesikika wachache. Tangu siku hiyo katikati ya wimbo wa Ngazi Karabai wananyamaza, wananiachia nafasi. Nikiwepo najitaja. Nisipokuwepo Gody anawaambia watu, "Hapa ni mahali pa Burito," wanasubiri kidogo, halafu wanaendelea. Niambie nani mwingine katika ukoo wetu ameachiwa mahali kwenye wimbo.

Basi Isaya akaja hapa na gari, hata kukaa hakukaa. "Baba, unanitia aibu. Ofisini wameiona video nzima, wananiita mtoto wa shimoni. Mkubwa wangu wa kazi kila asubuhi ananiuliza koleo liko wapi."

"Ukamjibuje?"

"Baba, sitanii!"

"Mimi pia sitanii. Koleo liko nyuma ya banda la mbuzi. Mwambie aje alione."

Akakasirika. Ndipo akaleta lile neno ambalo wewe hakukwambia. Unajua mkewe Lilian alijifungua mwezi wa nne, mtoto wa kiume baada ya mabinti watatu. Isaya aliniahidi tangu siku ya harusi yake kwamba wa kiume ataitwa Burito. Nimengoja miaka kumi na mbili. Akaniambia, "Jumamosi tarehe saba hao Karabai wako wanapiga Bunda. Jumapili mtoto anabatizwa. Ukienda Bunda, mtoto habebi jina lako. Sitaki mwanangu aitwe jina ambalo watu wanalicheka kwenye simu. Chagua, baba."

Akawasha gari akaenda.

Wewe sikufichi. Nimezika mke, nimezika watoto wawili, na jina hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Nilifika mpaka kuikunja ile fulana na kuiweka chini ya masanduku. Nikakaa. Nikafikiri hivi: nikitishwa nikatishika, halafu jina langu apewe mtoto, nimempa nini? Nimempa jina la mtu aliyekunja fulana. Atalifanyia nini jina la namna hiyo? Nikaitoa, nikaivaa, ikiwa na makunyanzi yake.

Jumamosi nikapanda gari la Bunda. Uwanja ulijaa, vumbi na jua, vijana kwa wazee, hata masista wawili niliwaona kule pembeni wamesimama, walisema walikuwa wanapita tu. Nafasi yangu ilipofika Karabai wakanyamaza, nikalaza fimbo, nikajitaja. Bunda wanaitikia kuliko Musoma, nikwambie ukweli. Waliniitikia mpaka nikaogopa kidogo. Nilipokuwa nasema nilitazamatazama kule nyuma kwa jicho hili zima, nikidhani labda Isaya amekuja kimyakimya. Hakuwepo.

Jumapili ya Pentekoste nikaenda kanisani kwao Musoma. Sikualikwa. Nilikaa benchi la nyuma na koti langu, fulana ikiwa ndani. Padre alipouliza, "Mtoto huyu mmempa jina gani?" Isaya akageuza shingo, akanitazama moja kwa moja. Kanisa lote nadhani lilisikia alivyochelewa kujibu. Halafu akasema, "Leodgar." Ni jina la baba yake Lilian.

Sikutoka. Waliodhani nitatoka walinikosa. Nilikaa mpaka baraka ya mwisho, nikaimba na wimbo.

Nje, Lilian akaja mwenyewe, akaniwekea mtoto mikononi. Mzito, dada. Kichwa ni chetu kile cha kwa Magesa, kikubwa mbele na nyuma, hilo hawawezi kulibatiza. Isaya akasimama pembeni yangu, anatazama chini. "Baba, ulichagua."

Nikamwambia, "Ndiyo. Na Jumamosi ile ikirudi leo nachagua vilevile."

Hakumchukua mtoto mikononi mwangu, na tulisimama hivyo muda mrefu mpaka watu wa picha wakachoka kutungoja.

Hayo ndiyo yote. Sasa nakujibu wewe. Karabai siiachi. Mwezi wa nane wanapiga tena Makoko na mimi nitakuwa mbele. Ukitaka kuacha kuwa dada yangu, acha. Mimi nitaendelea kuwa mdogo wako, hilo huna uwezo wa kunizuia. Na pole ya jina usinitumie, wala usimgombeze Isaya. Amekataa kuyumba, na hicho kichwa kigumu hakukiokota barabarani. Leodgar ni jina zuri, akue nalo, limpe nguvu. Zamani kwetu mtoto alikuwa anapewa jina la mtu ambaye ameshazikwa. Mimi sijazikwa. Mawe yalijaribu yakashindwa. Burito bado nalitumia mwenyewe.

Msalimie sana shemeji Clementi, asibebe magunia. Msalimie Fredi aliyechoka kusoma hapa, na binti yako Sabina, na watoto wote wa hapo nyumbani. Mungu awajazie ghala, awaondolee maumivu ya mgongo, na akupe wewe miaka mingi ya kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Burito Magesa