Gari Lako Halivuji Tena

Kwa kaka yangu,
Kambini kwa wachimba visima.

Shikamoo, kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimeacha kukubana kwa lile vumbi ulilolilalamikia, na mtambo wenu umeshayafikia maji. Sisi huku hatujambo. Mgongo wa Mama umetulia, bado anawashonea watu mapazia, na bado anamsema kila fundi anayempelekea kitambaa kilichokatwa upande. Mimi nipo palepale kwenye kibanda changu, natengeneza cherehani za mtaa mzima, mikono inanuka oili kama kawaida. Ila mwezi huu inanuka oili nzito zaidi. Kama una kikombe mkononi kiweke chini kwanza, maana nina habari.

Nyigu amepona! Narudia ili usidhani kalamu imeteleza: Nyigu, gari lako la milango miwili, ulilolishusha mpaka likakaribia kulamba ardhi na kulifungia turbo ambayo halikuzaliwa nayo, linawaka, linakimbia, na halivuji. Hata tone, kaka. Hata tone!

Ngoja nitulie nianze mwanzo, maana mdomo unataka kuutangulia mkono.

Mama alimwita mwashi asakafie uwanja wa nyuma. Kazi ilipokwisha tukalirudisha gari mahali pake, juu ya saruji mpya. Unajua kila Jumapili huwa naliwasha, kama ulivyoniagiza. Basi Jumatatu asubuhi Mama akatoka na ufagio akakuta doa jeusi la ukubwa wa sinia, linatambaa kuelekea mlango wa jikoni. Hakupiga kelele. Wewe unamjua, asipopiga kelele ndipo uogope. Alirudi ndani, akachukua barua yako ile uliyomwandikia kwamba gari likimchosha aliuze, na saa nne mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa uani kwetu. Mtu yule alikigonga kifuniko cha injini kwa kidole kama anayechagua tikiti sokoni, akasema atarudi na lori lenye winchi baada ya wiki tatu.

Nilimwuliza Mama, je, likiacha kuvuja ndani ya wiki hizo, litabaki? Akanijibu kwamba siku gari lile litakapoacha kuvuja, na yeye ataacha kusema. Nikalichukua hilo kuwa ahadi.

Nikajitia ufundi. Nilijiambia oili ni oili, iwe ya cherehani au ya gari, na mimi ndiye Sindano, kama mnavyoniita. Nikafungua kifuniko cha juu cha injini, nikabandua gasketi ya zamani iliyokuwa imekauka kama biskuti, nikaweka mpya. Kesho yake doa likawa sinia mbili. Nikakaza skrubu zote nilizoziona. Sinia tatu. Hapo nikajua maji yamenifika shingoni, na mtu wa kuniokoa ni mmoja tu.

Ndiyo, kaka. Nilikwenda kwa Bila Shaka, fundi wako wa zamani.

Usiikunje barua. Najua hujasalimiana naye tangu siku ile ya mashindano ya magari kwenye uwanja wa ndege wa zamani, Nyigu alipomwaga oili mzunguko wa nne, moshi ukatanda, na lile gari la kijani lililokuwa nyuma yenu likateleza juu ya oili yetu mpaka kwenye mapipa. Najua dereva wake alivunjika mkono. Na nilikuwapo uliposhuka na kumwambia Bila Shaka, mbele ya umati mzima, kwamba mikono yake haifai hata kufunga kizibo cha chupa. Mtu aliyekujengea injini ile kwa miezi minane, rafiki yako tangu mnagombania baiskeli moja. Mwezi uliofuata ukaomba kazi ya mbali, na gari hakuna aliyelifungua tena.

Nilimkuta gerejini kwake amelala chini ya gari la mizigo, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamweleza shida yangu kwa ile miguu. Ikanijibu hapana. Nikarudi kesho yake, ikanijibu hapana. Siku ya tatu nikaiambia miguu ile kwamba lori la chakavu linakuja na Nyigu atakatwa vipande. Akajivuta nje, uso umejaa vumbi, akaniuliza kama ni kweli wanataka kumkata. Nikamwambia bila shaka. Akacheka, kaka. Alijizuia lakini akacheka. Alikubali kwa sharti moja, kwamba jina lako lisitajwe mbele yake. Nikakubali, na kuanzia hapo tukawa tunakuita “yule bwana”.

Ingekupendeza kumwona akifanya kazi. Kwanza alinikataza kukaza kitu chochote. Alisema injini inayovuja haipigwi ngumi, inaulizwa. Tukaiosha mpaka ikang'aa, tukaikausha, kisha akaniagiza poda ya mtoto. Nilidhani anatania. Akaipaka injini nzima poda, nyeupe pe, tukaiwasha na kuketi kuitazama. Oili inapotoka inachora njia yake kwenye poda, unaiona kama mchwa anavyojenga. Tukaona mchirizi kwenye kifuniko cha juu. Mwingine nyuma, injini inapoungana na giaboksi. Wa tatu kwenye bomba la kurudishia oili kutoka kwenye turbo. Mama aliyekuwa akitazama dirishani akauliza kama sasa tunalikogesha na kulipaka poda, lini tutaliimbia lilale.

Tulishusha giaboksi. Siku mbili, mgongo wangu ukawa kama wa Mama. Tukabadilisha sili ya nyuma, ile pete ya kuzuia oili, tukabadilisha gasketi ya bomba la turbo, tukafunga kila kitu kwa adabu. Tukawasha. Tukasubiri. Dakika ya kumi oili ikachungulia palepale, kwenye sili mpya kabisa! Nilikaa juu ya ndoo nikataka kulia. Zilibaki siku sita.

Lakini Bila Shaka hakukasirika. Alichutama mbele ya gari, kidevu juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu tabasamu la mtu aliyemshika mwizi. Alinieleza kwamba sili mpya haivuji yenyewe, inasukumwa. Injini, alisema, ina pumzi ndani yake, na ikifungiwa turbo pumzi ile inazidi. Isipopata pa kutokea, inaisukuma oili kwenye kila mwanya, hata ubadilishe sili kumi. Gari hili, alisema, halina kidonda. Limezibwa pua.

Akaufuata mpira wa kupumulia, ule unaotoka juu ya injini kwenda kwenye kile kikopo cha kudakia oili ulichokifunga wewe pembeni. Akalegeza klipu, akauchomoa, akaingiza koleo yenye mdomo mrefu kwenye bomba. Akavuta. Kikatoka kitu cheusi kinachochuruzika, kirefu, kama panya aliyezama. Tambara, kaka! Tambara lilikuwa limesokomezwa mle ndani na kufura oili mpaka hewa ikawa haipiti.

Alikilaza kile kitu kwenye karai, akakitazama, akasema angetamani kumjua punda aliyefanya kazi hii. Nikacheka. Tukafunga upya, tukawasha, tukasubiri dakika kumi, ishirini, saa nzima. Poda ikabaki nyeupe kama unga. Nilimkumbatia Bila Shaka nikamchafua, naye akanichafua. Mama akatoka, akainama chini ya gari kwa mgongo wake ule, akapitisha kiganja kwenye saruji, akakitazama. Kikavu. Akarudi ndani bila neno, na siku ile hakusema kitu hadi jioni. Alitimiza ahadi kwa nusu siku, si haba. Lori la chakavu lilipokuja alilirudisha yeye mwenyewe.

Habari haijaishia hapo. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na siku ya mashindano kwenye uwanja uleule. Unakumbuka chama kilimfungia Nyigu mpaka athibitishwe kuwa havuji. Tukampeleka. Mkaguzi, yule mzee wa miwani, alitukaribisha kama watu wanaoleta ugonjwa. Akaamuru gari lizungushwe mpaka lichemke, kisha akalaza kadibodi nyeupe chini ya injini na kuweka saa mkononi. Nusu saa. Tone moja, alisema, na mnarudi nyumbani. Watu wakajaa, wengine wanakumbuka ya siku ile, wananong'ona. Bila Shaka alikwenda kusimama mbali, ametupa mgongo. Mimi sikupepesa macho. Nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko mwaka wangu wote wa uanagenzi. Mkaguzi akapiga magoti, akaivuta kadibodi, akaigeuza huku na huku kwenye jua. Halafu akaiinua juu ili kila mtu aione.

Nyeupe!

Bila Shaka akanitupia kofia ya kuendeshea. Nilimwambia aendeshe yeye. Akasema yeye hujenga, haendeshi, na kwamba mwenye kuendesha hayupo, kwa hiyo damu yake iendeshe.

Kaka, sijui nikuelezeje. Ile turbo inapoamka unasikia kwanza mluzi mwembamba, ndipo unaelewa kwa nini ulimwita Nyigu, halafu kiti kinakupiga mgongoni na mapipa yanakujia kama yamekasirika. Mzunguko wa kwanza nilipiga kelele mwanzo mpaka mwisho. Wa pili nikakumbuka kupumua. Wa tatu nikaanza kuendesha. Nimekuwa wa nne kati ya kumi na mmoja. Na muda wangu bora, naomba uketi, umeupita wako kwa sekunde moja na robo. Wameuandika ubaoni. Sina la kuongeza juu ya hilo, ingawa nitaongeza kila utakapokuja nyumbani.

Sasa nifikie jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii.

Bila Shaka alipolilaza lile tambara kwenye karai na kulikamua, upindo wake ulionekana. Wa manjano, wenye vidoti vyeupe. Ni kipande cha blauzi yangu, kaka. Nililichana mimi mwenyewe.

Siku ya kuamkia mashindano yale, miaka mitatu iliyopita, wewe ulikwenda kuchukua matairi na Bila Shaka alikwenda kutafuta klipu. Mlikuwa mmeniachia kazi ya kufuta vumbi tu. Nililiziba bomba kwa tambara lile ili mchanga usiingie. Kisha nikaona klipu moja ya zamani kwenye boksi, na nikatamani mara moja tu mrudi mkute kazi imekwisha na nimeimaliza mimi. Nikauvisha mpira, nikakaza. Tambara nikalisahau ndani. Uliporudi ukaukagua mpira ule ukasema huo ndio ufundi, ukidhani ni wa Bila Shaka. Yeye naye alipoukuta umefungwa alidhani ni wewe. Nami nikangoja nafasi nzuri ya kujisifu.

Kuhusu tambara sikujua mpaka juzi, naapa. Lakini mpira ule nilijua ni nani aliyeufunga. Ulipomtukana mwenzako mbele za watu, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako, nikatazama viatu vyangu. Ulipofunga mizigo yako nilikusaidia kufunga mkoba. Nilisema moyoni huenda siyo mpira ule, huenda ni kitu kingine, na kwa huenda hizo nimeishi miaka mitatu.

Nimemwambia Bila Shaka baada ya mashindano, watu walipoanza kuondoka. Nilimwambia punda uliyemtafuta ni mimi. Hakuniangalia. Aliendelea kuzipanga spana zake kwenye boksi, kubwa kwa ndogo, akazitoa, akazipanga tena. Mwishowe akasema, “Sindano, kwa miaka mitatu kila nikikaza nati nairudia mara mbili, kwa sababu ya maneno yale.” Nikamwomba msamaha. Akasema wangu ameupokea, kwa kuwa nimeuleta mwenyewe kwa miguu yangu. Kisha akauliza kama yule bwana bado anakohoa akikaa kwenye vumbi. Jina lako hakulitaja, lakini wa kwanza kukuulizia alikuwa yeye mwenyewe.

Mama nimemwambia pia, na alichosema hakiandikiki. Jumatano nilikwenda kwa dereva wa gari la kijani. Alinisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni, muda mrefu, mkono wake ule hauinuki sawasawa hadi leo. Hakunikaribisha ndani. Nitarudi.

Wewe unidai unachotaka. Ukitaka kunigombeza nigombeze, ukitaka kunyamaza mwaka mzima nitakuelewa. Lakini Bila Shaka hana kosa, wala hajawahi kuwa nalo, na hilo halipaswi kungoja hasira zako juu yangu ziishe. Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha nyingine. Ina stempu, ina karatasi mbili safi, na juu yake nimeshaandika anwani ya gereji yake. Iliyobaki ni yako.

Mama anasema ule ushibe na ufunike kifua usiku. Majirani wanakuulizia, hasa tangu walipousikia ule mluzi. Wasalimie wenzako wa kambini, na ukipata likizo njoo mapema.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Sindano.