Mstari wa Mke

Lira, 14 Novemba 1976

Kwa mke mwenzangu Habibah,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na watoto wangu Odur na Aber wazima. Mama mkwe bado hainuki. Namgeuza, namwosha, namlisha kwa kijiko. Nyinyi hamjambo huko Kampala? Safinah amepona kikohozi?

Sasa niseme kilichonifanya nikatafute karatasi. Jirani yetu wa huko Kampala, Alanyo, alikuja huku kwenye msiba. Ameniambia bei ya maji na umeme imepandishwa tena katika nyumba zetu za serikali, na sasa inatozwa kwa kichwa, hivyo kila mpangaji amejaza fomu ya watu wa nyumbani kwake. Ya mume wetu Okullo aliiona kwa macho yake. Mke, Habibah. Watoto, Safinah na Kaltumi. Mimi simo.

Nimeolewa na Okullo miaka kumi na minne. Nyumba hiyo niliingia wewe ukiwa bado unavaa sare ya shule kule Bombo. Namuuguza mama yake, na huko nyuma mnanifuta kama chaki? Mwambie anirudishe, tena kwenye mstari wangu, wa mke. Nisiposikia neno nitakuja mwenyewe, na hapo hapatakalika.

Ni mimi, mkubwa wako,
Joska

*

Kampala, 2 Desemba 1976

Kwa dada yangu mkubwa, Mama Odur,

Assalam aleikum, na najua utaitikia hata kama umenuna. Sisi wazima. Safinah amepona, sasa Kaltumi ndiye anayekohoa. Mama mkwe mpe pole yangu.

Dada, Alanyo amekupa habari nusu. Bloku nzima ina mita moja, kwa hiyo wanaopika kwa jiko la umeme na sisi wa mkaa tunalipishwa sawa, kwa kichwa. Okullo akasema, "Joska anakunywa maji ya Lira. Ya Kampala nimlipie ya nini?" Mimi sikumtuma. Lakini nilicheka, na nilipoona jina langu peke yake pale juu, nilifurahi. Unadhani ni wewe tu mwenye wivu? Sukari ikipatikana, kilo nzima inapanda basi la Lira, sisi tunakunywa chai bila kitu. Nikimpikia ile mboga yenu ya malakwang, anakula tonge la kwanza, anasema, "Si mbaya," kisha anaisogeza sahani kando. Najua anamkumbuka nani.

Basi, nilimsomea barua yako yote, na matusi yake. Akaenda ofisini. Karani akamwambia, "Muzee, hapa iko mustari moja tu ya bibi. Chagua." Amekuchagua wewe. Mimi na wasichana wangu tumeandikwa wageni. Miaka sita namfulia ovaroli zenye grisi, nami ni mgeni. Haya, roho yako imetulia?

Ni mdogo wako,
Habibah

*

Lira, 20 Desemba 1976

Kwa Habibah, mgeni wa nyumbani kwangu,

Salamu za Krismasi, ingawa si sikukuu yako. Huku hatujambo. Mama mkwe amekula uji bakuli zima.

Imetulia, sikudanganyi. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa sauti ili mama mkwe asikie. Nimempa kondakta wa basi simsim uwakaangie watoto. Na kwa kuwa wewe ni mgeni wangu, tafadhali usiache taa zikiwaka mchana, na mapazia yangu usiyaloweke kwenye maji ya moto, yatachuja rangi.

Msalimie mume wangu.

Mkubwa wako,
Joska

*

Kampala, 3 Machi 1977

Dada yangu Mama Odur,

Nakusalimu, lakini sina utulivu wa kukuuliza hali. Okullo amechukuliwa. Tarehe 17 Februari watu wawili walifika karakana ya magari anakofanya kazi, wakamwita kwa jina, wakaondoka naye. Hajaonekana tena. Unajua mambo yalivyo siku hizi kwa watu wenye majina kama yake, ya huko Lira. Utasema watu wangu wa Bombo ndio wenye nchi na jeshi sasa. Nilikwenda kwa baba mdogo Dawudi kwenye kambi ya jeshi, nikampigia magoti. Akaniambia, "Rudi nyumbani, na hii jina usitaje tena."

Asubuhi ile Okullo alitoka, akarudi mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza alimfunga Kaltumi kamba za viatu. Mara ya pili alinitazama, akasema, "Habibah, mimi nakwenda," ingawa alikuwa ameshaniaga. Nakuandikia hili kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Sasa kuna suala la nyumba. Karani anasema mpangaji asipokuwepo, nyumba inashikwa na mke aliyeandikwa, akija mwenyewe kutia sahihi kabla Machi haijaisha. Mgeni hana haki, anatoka. Nimemweleza kwamba mimi pia ni mke. Akanionyesha fomu.

Njoo, dada. Ukitia sahihi tunabaki wote. Nakaanga sambusa, nauza sokoni Kalerwe, nitalipia vichwa vyetu vyote, hata chako ukirudi Lira. Naomba usikawie.

Mdogo wako,
Habibah

*

Kampala, 21 Machi 1977

Mama Odur,

Salamu. Kondakta ameniapia kwamba barua yangu alikupa mkononi tarehe saba. Mama mkwe amezidiwa? Wewe unaumwa? Niandikie hata neno moja. Zimebaki siku kumi, na kuna mwanamke amekuja mara mbili kupima madirisha yetu kwa mapazia yake.

Habibah

*

Kampala, Kikuubo, 5 Aprili 1977

Habibah, mdogo wangu,

Nakusalimu, na watoto nawasalimu. Sijui mko wapi, wala kama mmekula. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia dukani kwa kaka yako Kasim.

Kondakta hakusema uongo. Barua yako niliipata tarehe saba. Nilimlilia Okullo siku mbili, watu wakanishika. Siku ya tatu niliisoma tena, nikafika pale aliporudi mlangoni. Mimi hajawahi kunirudia mlangoni hata mara moja, Habibah. Miaka kumi na minne. Nikaikunja barua, nikajiambia, basi naye aone. Nilikuona moyoni mwangu ukitoka na masufuria yako kichwani, na ilikuwa tamu. Nilikaa hivyo wiki mbili na nusu. Mama mkwe alikuwa salama. Mimi sikuwa naumwa.

Ile barua yako fupi ndiyo iliyonisimamisha, pale ulipouliza kama naumwa. Nilipanda basi tarehe 29. Tulizuiwa kwenye daraja la Karuma siku tatu na askari. Nilifika Jumamosi, tarehe mbili. Mwanamke huyo wa madirisha alikuwa anaanika mlangoni petu nguo za mumewe, magwanda ya jeshi. Jana ofisi ilipofunguliwa nilimwambia karani, mimi ndiye mke, jina langu liko pale. Akasema, "Ndiyo mama, iko. Lakini ulikuwa wapi?"

Nikatoka kwenda kumtafuta Kasim.

Kasim hataki kuniambia mlipo. Amesema, "Dada yangu hataki kukuona," na ana haki. Amekubali tu kukupa barua hii. Kesho narudi Lira. Kuna nyumba ya pili karibu na ya mama mkwe, nitaipaka udongo upya. Ukiogopa jinsi watu wa kule watakavyokutazama wewe wa Bombo, utapita nyuma yangu, na atakayekugusa atanijua. Njoo na wasichana.

Sitakudanganya kwamba nimebadilika. Okullo akirudi, najua ataanza kumuulizia nani, na hilo linaniuma hata sasa nikiandika. Njoo hivyo hivyo.

Joska